Senge, Mahindi Hayarogwi

Senge wangu mpendwa, shangazi yangu,

Jana nilimpiga baba. Ndiyo, ndugu yako, yule uliyelala naye ngozi moja mkiwa watoto. Nilimpiga kwa mchi wa kutwangia karanga, mchana kweupe, katikati ya uwanja wake mwenyewe, akaanguka chali na damu ikamjaa machoni. Kwetu wanasema mtoto akimpiga mzazi mikono yake hukauka. Leo asubuhi nimeiangalia hii mikono yangu, nikaikunja, nikaikunjua. Iko tu. Ndiyo hii inakuandikia.

Nakuandikia wewe kwa sababu ugomvi ulikuwa wako tangu zamani, na jana ulimfikia binti yako. Usishtuke, Nanjala yuko hai. Yuko hapa kwangu Kibomet, Kitale, amefungwa bandeji shingoni, na tangu alfajiri amekuwa akinikaripia kwamba sijui kufua nepi. Nitakwambia yote. Lakini acha nianzie pale wewe ulipoanza na mimi, yaani jaani.

Mimi sikumbuki, nilikuwa wa siku chache tu, lakini ulinisimulia mpaka nikaona kama nakumbuka. Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wazee wakasema huyu wa tatu atupwe, kifo kikija kimkute si wa mtu. Basi mama akanibeba hadi kwenye jaa nyuma ya jiko, akanilaza juu ya majivu na maganda, akarudi ndani akajifungia. Wewe ukapita njia kama mpita njia wa kawaida, ukasimama, ukapaza sauti mpaka majirani wakasikia: "Ni mtoto wa nani huyu ametupwa hapa?"

Mama akajibu kutoka ndani, akilia, "Si wetu. Kama unamtaka, chukua."

Ukanichukua. Ukanifunga kwenye leso yako, ukaniita Makokha, jina la jaa. Baba akalalamika kwamba hilo jina wengi humpa mvulana, ukamwambia kifo hakichungulii nepi. Na kila nilipokubishia, hata nilipokuwa msichana wa kuvaa sidiria, ulikuwa unanikumbusha mbele ya watu: "Wewe nilikuokota na ganda la ndizi kichwani, leo unanijibu?" Watu walicheka, nami nilikasirika. Sasa hivi ningetoa chochote nisikie tusi hilo mara moja tu.

Ulikuwa na mdomo, Senge Nasimiyu. Tuseme ukweli, ungekuwa mpole huenda wangekuacha. Mwanamke aliyeachika, akarudi kwao na mtoto mmoja mgongoni, akajenga nyumba yake kwenye kona ya boma la kaka yake, halafu hajui kuinamisha kichwa! Ulipika mrenda ambao watu walisafiri kuula, ukawatukana huku unawapakulia. Uliwatukana mbuzi. Ulimtukana kasisi alipochelewesha ibada. Na baba ulikuwa humpi nafasi kabisa, hata kule Kitale alikokuwa nyapara.

Unakumbuka lile shamba la mbegu? Likizo ikifika tulikuwa tunatoka nyumbani Mabanga mimi na wewe na Nanjala, tunakwenda kung'oa mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi. Mistari ya akina baba inaachwa na maua yake, mistari ya akina mama inang'olewa yote, ili mbegu itoke kwa baba yule aliyechaguliwa na si mwingine. Umande unakulowanisha mpaka kwapani, majani yanakukata shingo, na baba anapita nyuma yetu na fimbo yake, anaangalia juu kama mtu anayehesabu nyota. Akipata ua moja limesimama kwenye mstari wa mama, lo! Siku hiyo hakuna undugu. Alikufukuza mara ngapi wewe, dada yake wa tumbo moja? Unakwenda unakaa chini ya mti, unavuta ugoro, unarudi kazini kama hakusema kitu.

Kuna mwaka mbegu zilitoka vibaya, nyeupe zimechanganyika na za manjano, na vibarua wakaanza kunong'ona kwamba shamba limeangaliwa na jicho baya. Baba alipanda juu ya trela. Nilikuwa hapo, wewe ulikuwa hapo. Akapiga kelele: "Mahindi hairogwi, bana! Mahindi inazaa kile iko ndani ya baba na kile iko ndani ya mama. Mtu aliacha ua, ndio hiyo. Musiniletee mambo ya uchawi hapa!" Ukampigia makofi. Ulisema, "Leo kaka yangu amehubiri," na ukaimba njia nzima hadi kambini.

Mwanamume huyo huyo, Senge. Ndiyo inayoniua.

Halafu Simiyu. Mdogo wangu hakutupwa jaani, kwa maana mimi nilikuwa nimepona na watu wakadhani balaa limekwisha. Alipofika umri wa kutambaa mikono yake ikavimba kama mandazi. Baadaye ikawa miguu, kifua, mgongo. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, naujua mlio ule mpaka leo. Hakuwa analia kama mtoto mgonjwa, alikuwa anapiga mayowe kama mtu anayevunjwa mifupa na watu wasioonekana, anajipiga kichwa ukutani ili apumzike kidogo na maumivu ya miguu. Macho yalikuwa ya manjano. Ni wewe uliyekuwa unamkanda kwa maji moto. Ni wewe uliyekuwa unambeba mgongoni hadi Bungoma, na kila mara mlirudi na dawa ya malaria. "Nitambeba mpaka wajue ni nini," ulisema. Alifia mgongoni mwako, njiani, na ulifika nyumbani ukiwa bado unaongea naye.

Siku ya matanga ndipo niliposikia kwa masikio yangu. Mtu alisema, sijui nani, ulikuwa ni mdomo tu kati ya midomo: "Tazameni. Wote wamekwisha, amebaki yule Nasimiyu alimwokota. Si alijichagulia mmoja akakula wengine?" Na vichwa vikaanza kutikisika. Hawakuhitaji kitu kingine, Senge. Uhai wangu ndio ulikuwa ushahidi. Kwa kuwa nilipumua, wewe ulikuwa mchawi.

Walikuja baada ya kanisa. Mama alinisukuma jikoni akafunga mlango kwa nje, akauegemea kwa mgongo wake, nikapiga teke mpaka ukucha ukang'oka. Kulikuwa na tundu ukutani, pale udongo ulipobanduka. Niliona nguo zako za Jumapili. Niliona baba akiokota jiwe. Ulimwona, ukasema, "Hata wewe, ndugu yangu?" Hukusema kwa hofu, ulisema kwa hasira, kama ungekuwa unamgombeza kwa kukufukuza shambani. Jiwe lake ndilo lililokupata kwanza, mdomoni. Baada ya hapo ziliinuka rungu na majembe na sikukuona tena, niliona migongo tu, migongo inapanda na kushuka kama watu wanaopura maharagwe. Baadhi yao nilikuwa nimewasikiliza kwaya asubuhi ile ile. Walipomaliza waliichoma nyumba yako na mrenda ukiwa bado jikoni.

Polisi walikuja, wakauliza nani ameona. Hakuna aliyeona. Kijiji kizima kilikuwa kimelala mchana, ati. Ukazikwa nje ya ua, kule kwenye mikaratusi, bila wimbo, na mbuzi wakawa wanalala juu yako. Nanjala alichukuliwa na watu wa baba yake kule Naitiri, akarudi Mabanga akiwa mtu mzima kulima kipande chako. Nilimwambia asirudi. Alinijibu kwa mdomo wako kabisa: "Kwani mimi nimeua nani?"

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana ulisema utambeba Simiyu mpaka wajue ni nini. Wamejua.

Mwaka uliopita nilijifungua hapa Kitale. Mtoto wa kike, Neema, na kichwa chake ni cha kwenu, kikubwa. Kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani muuguzi akamchoma kisigino, akadondosha damu kwenye kadi nene, tone, tone, akasema siku hizi wanajaribu kuwapima wachanga wote. Nilidhani ni mambo ya chanjo. Wakaniita baadaye. Daktari, msichana mdogo tu mwenye viatu vya raba, akaniambia Neema ana selimundu, ile watu wanaiita sikoseli. Chembe za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zilipokwama mwili unapiga mayowe. Akaniuliza, "Kwenu kulikuwa na watoto waliovimba mikono? Macho ya manjano?"

Senge, nililia mpaka akafunga mlango. Alidhani namlilia Neema.

Akaendelea kunieleza kwamba mtoto hupata ugonjwa huu akipewa mbegu yake na baba na pia na mama. Mzazi mwenye mbegu moja haumwi, anatembea nayo tu maisha yake yote bila kujua. Nilimkatiza. Nikamwambia dada, mimi nimeng'oa mbelewele, nimekuelewa. Mume wangu akapimwa, nami nikapimwa, tukakutwa tumebeba wote wawili. Yeye ni fundi wa pikipiki, hana maneno mengi. Alisema, "Basi ni sisi," akambeba mtoto.

Na dawa ipo! Hapo ndipo ungetukana mtu. Kuna ya kuzuia maambukizi, Neema aliianza akiwa mchanga. Kuna nyingine ya kila siku, inafanya damu isipinde sana, sasa ameianza. Daktari anasema ng'ambo wameanza hata kurekebisha mbegu yenyewe ndani ya uboho wa mifupa, mtu anapona, ingawa bei yake sisi tutaisikia redioni tu. Lakini watoto wenye sikoseli wanakua, Senge. Wanasoma, wanaolewa. Simiyu angekuwa ananyoa ndevu.

Nikampigia baba simu. Nilimwambia kwa adabu zote, nikamwomba aende zahanati achomwe kidole, tone moja tu, aone kwa macho yake. Akakata. Nikapiga tena wiki nyingine, akakata. Mama akipimwa haitoshi, wangesema imetoka kwake peke yake. Nilitaka damu ya yule aliyerusha jiwe.

Kisha mikono ya Neema ikavimba. Maumivu yalimjia kwa mara ya kwanza, na ule mlio niliousikia utotoni nikausikia tena, sasa katika nyumba yangu. Tulikimbilia hospitali, wakamtuliza kwa maji na dawa, akarudi akicheka. Lakini habari zilikuwa zimefika Mabanga. Na kumbuka nilipojifungua aliyekuja kunikanda ni Nanjala. Yeye ndiye aliyempokea mtoto mikononi. Mama akanipigia simu juzi, ananong'ona: "Wanasema Nanjala alirithi vitu vya mama yake. Baba yako ameita vijana. Kesho."

Nilifika na Neema mgongoni. Walikuwa wamekwisha kumtoa. Alikuwa chini, blauzi imeraruka, na kamba ya ng'ombe imemkaza shingoni, mwanamume mmoja anaivuta kila akijaribu kusema. Petroli walikuwa wameshammwagia, naisikia harufu yake mpaka sasa kwenye nguo zangu. Na mwenye kibiriti ni nani? Baba. Mzee wa mvi, amesimama na kibiriti kama anawasha jiko. Nanjala akamwita, "Khocha. Khocha, ni mimi." Khocha ni mjomba, damu ya mama yako, mtu humkimbilia khocha wakati dunia nzima imemkataa. Baba alitoa njiti.

Nilimrushia mama mtoto. Mchi ulikuwa kwenye kinu. Sikumbuki kuamua.

Alipoanguka, wote wakageuka kunitazama. Wangeweza kunichinja pale pale, Senge, walikuwa na panga. Lakini walikuwa hawajawahi kuona binti akimwangusha baba yake, nadhani walikuwa wanangoja mbingu zifanye kazi hiyo. Nikasimama juu yake. Nikapayuka: "Mahindi hairogwi, Baba! Si ulisema? Inazaa kile iko ndani ya baba na kile iko ndani ya mama! Simiyu alitoka wapi? Wale wawili walitoka wapi? Nani alisimama kwenye mstari?"

"Nyamaza!" akasema, amelala chini, damu inamwingia mdomoni. "Nyamaza, Makokha."

Alikuwa ameelewa. Nakuapia alikuwa ameelewa kabla sijamaliza, nilimwona macho. Labda alielewa tangu simu ya kwanza, ndiyo maana alikuwa anakata.

Aliyetuokoa ni Barasa, jirani wa ng'ambo ya kijito, ambaye zamani alikuwa kibarua chini ya baba. Ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Akailegeza, akakuna kichwa, akasema, "Lakini nyapara, si ni wewe ulikuwa unatuambia hivyo?" Hakusema zaidi. Mmoja akaweka panga chini ya kwapa, mwingine akakumbuka ng'ombe wake. Waliondoka kama watu wanaotoka kwenye mkutano wa chifu.

Baba nilimpeleka zahanati mimi mwenyewe, kwa pikipiki, nimemshika kiunoni asianguke. Usiniulize kwa nini. Walipomaliza kumshona paji la uso, klinikali, tabibu wa pale, akamuuliza, "Mzee, nikupime ile kitu ya sikoseli? Iko kipimo mpya, inatoka saa hii hii." Shati lake lote lilikuwa limelowa damu niliyoiomba kwa simu miezi mizima. Baba akajifuta damu mkononi. Kisha akanyoosha kidole.

"Tone moja tu?"

"Moja tu, mzee."

Kijikaratasi kikatumbukizwa, mistari ikajitokeza, klinikali akamweleza. Amebeba. Amebeba tangu tumboni mwa mama yenu, na huenda hata wewe ulibeba vile vile. Baba alikitazama kile kijikaratasi kama alivyokuwa anatazama mistari ya mahindi, kichwa kimeinama upande. Akasema, "Basi ilikuwa yangu." Akasema tena, polepole, "Nasimiyu." Kisha akatapika kwenye sakafu ya watu.

Sikumfariji. Nakwambia wazi ili usisikie kutoka kwa mwingine.

Leo asubuhi mama amepiga simu tena. Anasema baba ameamka na bandeji yake kichwani, amechukua sururu, anang'oa ua wa boma upande wa mikaratusi, nguzo moja moja, na kuzichimbia upya ng'ambo ya kaburi lako. Hakuna anayemsaidia, na hajamwomba mtu. Kwa hiyo jioni hii ukiangalia utakuta uko ndani ya boma. Nilimweleza Nanjala. Alikuwa anakoroga uji. "Ua umehama," akasema. "Mama yangu hajarudi." Kesho tunakwenda polisi, yeye atasema yake na mimi nitasema yangu, ya jana na ya ile Jumapili. Nimemwambia labda wa kwanza kufungwa nitakuwa mimi na mchi wangu. Akacheka, kwa mara ya kwanza, akashika shingo kwa maumivu.

Baba sijamsamehe. Huenda nisimsamehe. Nimekusamehe wewe kwa ganda la ndizi, hilo linatosha kwa sasa.

Jambo la mwisho halafu nilaze kalamu. Neema amekunywa dawa yake leo, aliitema kidogo, nikamrudishia. Nilipoingia ndani kutafuta kitambaa nikasikia kimya nje, nikatoka mbio. Nanjala alikuwa amemlaza juu ya lundo la takataka nyuma ya ploti, juu ya maganda ya viazi, mtoto anachezea miguu yake. Nanjala amesimama pembeni, mikono kiunoni, petroli haijamtoka nyweleni. Akapaza sauti mpaka wapangaji wakachungulia:

"Ni mtoto wa nani huyu ametupwa hapa?"

Tangu wakuue, hakuna mwanamke wa kwetu aliyethubutu kuokota mtoto. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikajibu kama mama alivyojibu.

"Si wetu. Kama unamtaka, chukua."

Na akamchukua.

Lala vizuri huko ndani ya ua,

Ni mimi, mtoto wako wa jaani.